Mkojo Usio na Damu: Usia kwa Vijana wa Ziwani

Wajukuu zangu mlioko Igombe, Kayenze na Kirumba, nanyi mlio visiwani Ukerewe, Ukara na Kome, nina neno nanyi, na naomba mlisikilize mpaka mwisho hata kama ni habari ya mkojo. Kazi yangu ilikuwa maabara, katika kanda hii hii, tangu nikiwa rika lenu mpaka nilipostaafu. Kauli niliyoisikia zaidi kutoka kwa mvuvi aliyeletwa kupimwa ni hii: "Mzee, mimi kichocho sina, mkojo wangu mweupe pe." Waliosema hivyo, wengi wao minyoo walikuwa nao. Leo nawasikia ninyi mkiirudia kauli hiyo mwaloni na vijiweni, na wadogo zenu wanaidaka kutoka midomoni mwenu. Nataka muiache.

Kichocho cha kanda yetu ni cha namna mbili, na anayezichanganya ndiye anayejidanganya.

Cha kwanza ni kichocho cha kibofu. Makao yake ni bara, Misungwi, Kwimba mpaka Shinyanga, kwenye malambo, mabwawa na majaruba ya mpunga. Konokono anayekibeba ni wa jamii ya Bulinus, apendaye maji yaliyotuama, hata yale yanayokauka kiangazi na kurudi masika. Si jambo geni. Mwaka 1962 mtafiti Gerald Webbe alichapisha kazi yake juu ya namna kichocho hicho kilivyokuwa kikienea katika Jimbo la Ziwa la Tanganyika. Mtoto anayekipata akichunga ng'ombe au akiogelea lamboni hukojoa damu, hasa matone ya mwisho. Zamani wapo waliomwona mvulana akikojoa hivyo wakasema anakua, wakacheka, yakaishia hapo. Lakini angalau mkojo wake ulikuwa umesema, mwenye macho akaona.

Cha pili ni kichocho cha tumbo, na hiki ndicho cha kwenu ninyi wa ziwani. Konokono wake ni Biomphalaria, anayekaa Nyanza penyewe, kwenye matete na magugu ya ukingoni, pale pale mnapoegesha mitumbwi, mama zenu wanapofua na watoto wanapooga. Minyoo wakishaingia kwa kupenya ngozi huzunguka mwilini, wakakua, kisha wakahamia kwenye mishipa ya damu ya utumbo. Dume humkumbatia jike wakaishi hivyo miaka mitatu, mitano, hata kumi, na jike hutaga mayai kama 300 kwa siku. Mayai hayo njia yake ya kutokea ni choo kikubwa. Kibofu hayakigusi. Ndiyo maana mvuvi wa Ukerewe anaweza kubeba minyoo tangu utoto mpaka amepata wajukuu, na mkojo wake usibadilike rangi hata siku moja.

Karibu nusu ya mayai hayatoki. Yanachukuliwa na damu hadi kwenye ini, yanakwama, na ini linajijengea makovu kuyazunguka. Miaka inapita. Wengu unavimba, tumbo linajaa maji, mishipa ya koo la chakula inatuna kwa sababu damu imekosa njia ndani ya ini, na siku moja mshipa mmoja unapasuka. Kijana aliyekuwa akivuta nyavu jana anatapika damu leo. Nimewaona wakifikishwa hospitali wamechelewa, na nimewasikia ndugu zao wakisema kalogwa na mwenzake waliyegombana juu ya zamu ya mtumbwi. Watu wamekosana maisha yao yote, koo kwa koo, kwa kazi iliyofanywa na mnyoo. Hili linaniuma kuliko yote nitakayowaambia leo, kwa sababu dawa ipo, ni ya kumeza tu, na mnyoo alikuwa anaonekana kwa aliyetaka kumtafuta.

Sasa mtauliza: kama mayai yanatoka kwa choo, mbona siku hizi wataalamu wanakuja visiwani na makopo ya mkojo? Swali zuri. Wengi hulijibu wenyewe, wakasema wataalamu wamekosea kopo, wakaondoka bila kupima.

Kwanza jueni ugumu wa kipimo cha choo. Kipimo kinachotumika duniani kote kinaitwa Kato-Katz, kwa majina ya Kato wa Japani na Katz wa Brazili, ambaye yeye na wenzake walikiboresha mwaka 1972. Mtaalamu huchuja kinyesi, akakijaza kwenye tundu dogo la kipimo maalumu, akakikandamiza juu ya kioo na kuhesabu mayai kwa hadubini. Kinachoingia kwenye lile tundu ni miligramu 41.7, yaani sehemu ya 24 ya gramu moja. Tufanye hesabu. Chukua mtu mwenye jozi moja tu ya minyoo. Jike anataga mayai 300, tuseme 150 yanatoka nje. Choo chake cha siku kikiwa gramu 150, kila gramu ina yai moja. Mtaalamu angelazimika kutengeneza vioo 24 ndipo atarajie kukutana na yai moja. Nani ana muda huo, foleni imefika nje ya mlango? Basi mwenye minyoo wachache huambiwa hana, na anarudi ziwani akishangilia. Ongeza na aibu. Kijana anapewa kopo alete choo kesho, kesho haonekani.

Mkojo umeingia hapo kwa mlango mwingine kabisa. Mnyoo wa kichocho ana mdomo, lakini hana tundu la kutolea uchafu. Anakunywa damu yenu, anaisaga, kisha mabaki anayatapika kwa mdomo ule ule, ndani ya damu yenu. Katika matapishi hayo mna kitu kinachotoka kwenye utando wa utumbo wake, ambacho wataalamu wamekiita antijeni ya CCA. Figo zenu zinakichuja pamoja na uchafu mwingine na kukitoa kwenye mkojo. Kwa hiyo mkojo wa mvuvi hauna yai wala damu, lakini una matapishi ya mnyoo. Jicho haliyaoni. Kaseti, kile kibao kidogo cha plastiki cha kupimia mkojo, inayaona.

Uchunguzi wa antijeni hizi umefanywa kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Leiden kule Uholanzi, na kaseti yenyewe imekuwa ikitengenezwa Pretoria, Afrika Kusini. Mabaki ya mnyoo huyu ni sugu ajabu. Mwaka 1990 watafiti walieleza kwamba wameikuta antijeni ya jamii hiyo katika maiti zilizohifadhiwa Misri tangu enzi za Mafarao. Mtu amekufa, mnyoo amekufa, milki imeanguka, na ushahidi bado upo mwilini. Msidhani basi kwamba ninyi mnaweza kuuficha kwa kuogea sabuni.

Niwape habari moja ya hapa hapa nyumbani. Katika kijiji cha Musozi, Ukerewe, watafiti waliwapima watoto ambao hawajaanza shule, wale wadogo wanaobebwa mgongoni kwenda ziwani na kukalishwa majini mama akifua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Kwa choo na hadubini, watoto kama asilimia 44 walionekana na kichocho. Kwa kaseti ya mkojo, wakawa asilimia 80. Kijiji kile kile, watoto wale wale. Hata mkiamua kutoamini kila mstari wa kaseti, na nitawaeleza kwa nini mstari mwingine una mashaka, bado pengo hilo ni kubwa mno kulipuuza. Na Musozi haikuwa peke yake. Mwaka 2013 ulichapishwa uchunguzi wa nchi tano za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, uliokuta kwamba kaseti moja ya mkojo huwaona wagonjwa wengi zaidi wa kichocho cha tumbo kuliko kioo kimoja cha choo. Tanzania inatajwa kuwa ya pili Afrika kwa wingi wa kichocho, baada ya Nigeria. Mkitaka kujua wagonjwa hao wanakaa wapi, angalieni ramani ya ziwa hili.

Upimaji wenyewe ni mwepesi. Unapewa kopo kavu na safi, unakojoa, unaandikiwa jina. Mtaalamu anadondosha matone mawili kwenye kaseti na kusubiri dakika 20. Mstari wa udhibiti usipojitokeza, kaseti imeharibika na inatupwa. Ukijitokeza huo peke yake, antijeni haikuonekana. Mistari ikiwa miwili, minyoo wapo. Dakika 20 ni dakika 20. Akikusomea baada ya tano, mwombe kwa heshima asubiri. Akiisahau mpaka akarudi kutoka kula, aanze upya. Na usimwombe mwenzako akukojolee kopo kwa sababu una haraka ya kuwahi mtumbwi. Yametokea hayo, na aliyepewa dawa akawa siye mwenye minyoo.

Hapa nasema na mabinti. Najua kwa nini mnaliogopa kopo. Shuleni mmezoea kwamba msichana akiitwa kutoa mkojo, anapimwa mimba, na miaka mingi aliyekutwa nayo aliondolewa shule. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu aliyejifungua arudi darasani, lakini woga haufutwi kwa waraka. Kaseti ya kichocho inafanana sana na ya mimba, mistari yake ile ile miwili, na wengine wakiiona tu mbali wanatoroka kupitia migombani. Basi sikilizeni: kaseti ya CCA haipimi mimba, haipimi bangi, haipimi virusi vya UKIMWI. Mna haki ya kuuliza, mkiwa wima bila kutetemeka: "Kopo hili linapimwa nini, na jibu langu ataliona nani?" Mtaalamu mwema hujibu. Ninawasihi wataalamu nao, hasa wanaokwenda shuleni, walijibu swali hilo kabla halijaulizwa, mbele ya walimu, ili mtoto wa watu asibaki na minyoo kwa kuogopa kitu kisichokuwapo. Jambo moja tu: ukiwa mjamzito kweli, mwambie anayekupima kwa siri, kwa sababu ujauzito unaweza kuchanganya majibu ya kaseti hii.

Swali hilo la "linapimwa nini" naomba mlibebe kokote. Ndilo hasa nililotaka kuwaachia. Vipimo vya mkojo ni vingi na kila kimoja kina kazi yake. Kaseti ya CCA ni ya kichocho cha tumbo, kile cha ziwani. Kichocho cha kibofu hukikosa mara nyingi. Kijana aliyekulia Kwimba kwenye majaruba, akaja Mwanza kutafuta maisha, akapimwa kwa kaseti akaambiwa hana, asiondoke hivi hivi. Aombe mkojo wake uchujwe na kuangaliwa kwa hadubini. Kipimo hicho kina saa zake: mkojo utolewe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana ndizo saa mayai yanatoka kwa wingi, na ukitembea kwa nguvu au kukimbia kidogo kabla yake ni vizuri zaidi. Mtaalamu huchukua mililita 10, akazipitisha kwenye chujio na kutafuta yai lenye mwiba mkiani. La kichocho cha tumbo lina mwiba ubavuni, kwa hiyo mwenye uzoefu hawezi kuyachanganya. Mkojo wa alfajiri uliouleta kwa kujitahidi, ukadhani umewahi, kwa kazi hii ni dhaifu.

Kuna pia kile kipande cha karatasi kinachochovywa kuonyesha damu isiyoonekana kwa macho. Ni kizuri, cha bei nafuu, na watu wetu walikitumia mapema. Na damu inaweza hata kuulizwa kwa maneno tu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kule Kilosa, watafiti waliwapa walimu wa shule za msingi karatasi za maswali wawaulize wanafunzi kama wanakojoa damu, na majibu ya watoto yakazitambulisha shule zenye kichocho kingi bila hadubini kwenda kila kijiji. Ninaipenda sana kazi ile. Ilimwamini mwalimu, ikamwamini na mtoto. Lakini kumbukeni ilikuwa ya kichocho cha kibofu. Ukimuuliza mtoto wa Ukara kama anakojoa damu, atakujibu hapana, na atakuwa amesema kweli, na minyoo atakuwa nao. Na msichana aliye katika hedhi akipimwa kwa kile kipande cha kuchovya, kitaonyesha damu isiyohusika, kwa hiyo aseme, asubiri siku nyingine.

Wake zenu na dada zenu wa bara wana shida nyingine inayofichika zaidi. Mayai ya kichocho cha kibofu hukwama kwenye mlango wa kizazi na kwenye uke, yakaleta vidonda, muwasho, maumivu na damu baada ya tendo la ndoa. Mwanamke anapewa dawa za magonjwa ya zinaa, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, hazisaidii, na nyumbani anaitwa malaya. Wengine wanakosa mimba, wengine mimba hutungwa nje ya kizazi. Na huyu anaweza kutoa mkojo usio na yai hata moja. Wazee walisema mficha uchi hazai, na hapa msemo huo umesimama neno kwa neno. Binti yangu, kama ulikulia kwenye malambo na una dalili hizo, mwambie daktari au muuguzi mahali ulipokulia na maji uliyochezea. Mwombe akuchunguze akiwa na kichocho kichwani, hata mkojo ukiwa safi. Na ninyi wanaume, kabla ya kumtuhumu mwenzako, mpeleke hospitali. Nendeni wote wawili.

Kuhusu majibu. Ukiambiwa huna, maana yake siku ile antijeni haikutosha kuonekana. Minyoo walioingia wiki iliyopita bado wachanga, hawajaanza kujulikana. Anayeingia majini kila siku hawezi kupima mara moja akamaliza maisha. Mstari hafifu sana, ule wa kukaziwa macho, umewasumbua hata wataalamu. Kwa mtu wa Ukerewe pengine ni minyoo wachache kweli, kwa mtu asiyegusa ziwa pengine si kitu. Ndiyo sababu mtaalamu anapokuuliza unakaa wapi na unafanya kazi gani, si umbeya, anaisoma kaseti yako. Na nisiwafiche: kaseti hizi zimetumika zaidi kwenye tafiti na upimaji wa vijiji, kazi ambayo watu wa NIMR Mwanza, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na wa chuo cha afya cha Bugando wanaijua vizuri. Zahanati nyingi bado hazina. Ukienda ukaikosa, usirudi nyumbani. Toa choo kipimwe, na kikionekana hakina kitu, omba kurudia siku nyingine kwa choo kipya.

Dawa ni prazikwanteli. Kipimo chake ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, ndiyo maana wanakupima uzito, au wanakusimamisha kwenye kijiti cha urefu, kabla ya kukuhesabia vidonge. Kuleni kwanza. Nasema tena, kuleni kwanza, ugali na dagaa wa kutosha, kisha mmeze. Mwaka 2008 mkoani Morogoro ugawaji wa dawa hizi shuleni uliishia kwenye ghasia. Watoto walimeza, baadhi yao wakaumwa tumbo na kizunguzungu, uvumi ukapita kwamba watoto wanakufa, wazazi wakavamia shule. Maumivu yale mara nyingi ni minyoo wanaokufa ndani, na mwenye minyoo wengi huumia zaidi, hasa akiwa na njaa. Yanapita ndani ya siku moja au mbili. Mwenye taarifa hii kabla ya siku ya dawa haogopi, na mtoto wake haogopi.

Dawa inaua minyoo wakubwa. Wale wachanga wa wiki chache inawaacha, nao watakua. Kwa hiyo ukishameza usikimbilie kupima kesho yake, maana antijeni hupungua taratibu kwa wiki kadhaa. Subiri mwezi mmoja na nusu au miwili, upime tena. Ukikutwa bado unao, umeze tena. Hakuna aibu ya kumeza mara mbili.

Kwa miaka mingi dawa za bure, zinazotolewa na kampuni ya Merck ya Ujerumani kupitia Shirika la Afya Duniani tangu 2007, zilielekezwa kwa wanafunzi. Mvuvi wa miaka 25 hayumo darasani. Mtoto wa miaka mitatu hayumo. Mwaka 2022 Shirika hilo lilitoa mwongozo mpya: penye maambukizi ya kuanzia asilimia 10, wapewe wote tangu umri wa miaka miwili, watu wazima wakiwamo, na wajawazito waliopita miezi mitatu ya mwanzo. Kwa wadogo zaidi imepatikana prazikwanteli ya watoto, ya kuyeyushwa majini, kuanzia miezi mitatu hadi miaka sita. Ilijaribiwa Ivory Coast na hapo jirani Kenya, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likaiweka kwenye orodha ya dawa lilizozithibitisha. Akina mama, mkienda kliniki iulizieni kwa jina. Kitu kinachoulizwa na wengi hufika mapema.

Ninajua mtaniambia: mzee, tukimeza leo, kesho tunarudi majini. Ni kweli, na sitawaambia muache uvuvi, maana mimi nami nimelelewa na sato wa ziwa hili. Lakini maji mnayoweza kuyachagua, yachagueni. Lava wa kichocho hutoka kwenye konokono mchana jua linapowaka, na kwa kawaida haishi zaidi ya siku mbili bila kupata ngozi ya mtu. Maji ya kuoga watoto yakichotwa asubuhi mapema, yakakaa ndooni siku mbili na usiku wake, yamepoa ukali. Na choo, wanangu, choo. Yai lisipofika majini halianguliwi. Likifika, kiluwiluwi kimoja kikaingia ndani ya konokono mmoja, hutoka lava maelfu. Anayejisaidia ukingoni usiku anawapandia watoto wake ugonjwa wa msimu ujao. Visiwa vyetu ni vya mawe, kuchimba ni taabu, nalijua hilo. Jengeni juu ya mawe basi, kwa kuinua, kama wengine walivyofanya.

Ninyi mnaohama kambi kwa kambi, leo Kome, kesho upande wa Muleba, dawa za kijijini zinawapita kila mwaka, kwa sababu siku ya ugawaji mko majini au mko wilaya nyingine. Hamna kijiji kitakachowakumbuka. Jikumbukeni. Ukitia nanga penye zahanati, panda ukapime, usisubiri kuitwa.

Na ombi la mwisho ni kwa viongozi wa BMU, vile vikundi vya kusimamia mwalo, na wenye mitumbwi. Wapimaji huja mchana wa siku za kazi, wanakuta mwalo una wanawake na wazee tu, wanaandika kwamba vijana hawakujitokeza. Vijana wa dagaa hulala mchana na kuvua gizani. Lakini siku za mbalamwezi hawavui, wako nchi kavu wakishona nyavu. Andikeni barua kwa mganga mkuu wa wilaya, mwombeni awatume watu wa maabara mwaloni siku hizo, na makopo ya mkojo na ya choo, na dawa, na mtu wa kuhakikisha kila mmoja amekula kabla ya kumeza. Andikeni mwezi huu.